MALI BILA DAFTARI
Somo juu ya kuihesabu nafsi katika Uislamu

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye duka hapa Nyarubungo ajua ukweli wa maneno hayo. Jioni akiisha kufunga mlango huketi na daftari lake, akahesabu fedha zilizomo sandukuni, akaangalia sukari iliyosalia na sabuni iliyokwenda, kisha akasoma majina ya watu waliokopa. Asipofanya hivyo, duka laweza kuonekana limejaa bidhaa, kumbe limekwisha kufa. Naye hajui mpaka siku ile mwenye mali aliyemkopesha anapokuja kudai chake.

Katika somo la muhula huu nataka tuangalie daftari la namna nyingine, yaani daftari la nafsi. Wanafunzi Waislamu ndio walioniomba niandike juu ya jambo hili, lakini naandika kwa wote. Katika wilaya zetu za Ngara na Biharamulo, Waislamu na Wakristo hukaa dawati moja, huteka maji kisima kimoja, na hukoseana kama watu wote wakaao pamoja. Msomaji asiye Mwislamu atasoma hapa habari za jirani yake, na huenda akaziona na zake pia.

MAANA YA NENO

Waalimu wa Kiislamu huiita kazi hii muhasaba. Neno hilo lina asili moja na neno letu "hesabu". Kuifanyia nafsi muhasaba ni kuiketisha na kuiuliza: Leo umefanya nini? Ulikifanya kwa nia gani? Umepata nini, umepoteza nini, na nani anakudai?

Msingi wa jambo hili umo katika Kurani. Katika Sura ya Hashri, aya ya 18, waumini wanaamrishwa kwamba kila mmoja aangalie akiba aliyoitanguliza kwa siku ile inayokuja. Tena Kurani yataja hali tatu za nafsi. Katika Sura ya Yusuf, aya ya 53, imetajwa nafsi inayomwamrisha mtu maovu. Katika Sura ya Kiyama, aya ya 2, imetajwa nafsi inayojilaumu. Katika Sura ya Fajri, aya ya 27, imetajwa nafsi iliyotulia. Wanavyuoni wengi wamezifananisha hali hizi na ngazi. Mtu hawezi kuruka kutoka kidato cha chini hata cha juu. Hana budi kupita cha katikati, kile cha kujilaumu. Muhasaba ndiyo kazi ya kidato hicho.

Khalifa wa pili, Seyidna Umar bin Khattab, aliyetawala tangu mwaka 634 hata 644, amepokewa kwamba aliwausia watu wajihesabu wenyewe kabla hawajafikishwa mbele ya Mwenye kuhesabu. Yapata miaka mia mbili baadaye alikuwapo Baghdad mwanachuoni jina lake Harith bin Asad, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 781 akafa mwaka 857. Alishika desturi hii kwa bidii sana hata watu wakambandika jina la al-Muhasibi, maana yake mwenye kujihesabu. Jina hilo ndilo lililobaki mpaka leo.

MFANYA BIASHARA NA MSHIRIKA WAKE

Aliyelipanga somo hili hatua kwa hatua ni Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa katika mji wa Tus, Uajemi, mwaka 1058, akafa huko huko mwaka 1111. Katika kitabu chake kikubwa kiitwacho Ihya Ulum al-Din alitumia mfano wa biashara. Akili ni kama mfanya biashara mwenye mali. Nafsi ni kama mshirika wake, anayekabidhiwa mali hiyo akaichuuze. Mtaji wao ni umri. Kila pumzi itokayo ni fedha iliyotumika, nayo hairudi.

Sisi wa sehemu hizi twaweza kuuelewa mfano huo upesi, maana nchi yetu ilikuwa njia ya biashara ya namna hiyo. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ikaelekea kaskazini hata Usui, nchi ya Wasubi, ndiyo sehemu yetu hii. Hapo ililipa hongo kwa mtawala, ikaendelea kwenda Karagwe na Buganda. Mwingereza Speke alipita njia hiyo mwaka 1861. Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876 alimkuta mfanya biashara Mwarabu, Hamed bin Ibrahim, amekwisha kujenga na kukaa Kafuro. Misafara hiyo ndiyo iliyoleta huku bara nguo, shanga na nyaya za shaba, na pamoja na hizo sauti ya adhana.

Basi fikiri habari ya tajiri wa Unguja aliyemkabidhi mtu mali aende nayo bara. Mtu huyo atakawia mwaka, miwili au mitatu. Tajiri hamwoni. Hajui kama nguo zimeuzwa au zimegawiwa rafiki, wala kama pembe zimenunuliwa kwa bei ya haki. Aliloweza kufanya ni kuandikiana naye sharti kabla hajaondoka, na kumdai hesabu atakaporudi. Hivyo ndivyo Ghazali anavyotaka tuitendee nafsi, na ametaja hatua sita.

Ya kwanza ni musharata, yaani kushartiana. Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, mtu aiambie nafsi yake: Leo umepewa siku nyingine; utaitumia kwa kazi hii na hii, na ulimi wako usiguse jambo hili na hili. Mwanafunzi aweza kusema: Leo sitamcheka mwenzangu akikosea kusoma.

Ya pili ni muraqaba, yaani kuchunga. Mchana kutwa mtu aiangalie nafsi kama mchungaji aangaliavyo ng'ombe karibu na shamba la mtu. Ng'ombe hangoji ruhusa. Mchungaji akisinzia kidogo tu, mahindi yameliwa. Na mwenye kujichunga hukumbuka kwamba naye yu mbele ya macho ya Mwenyezi Mungu.

Ya tatu ndiyo muhasaba yenyewe, yaani kuhesabu. Usiku kabla ya kulala, mtu aangalie sharti la asubuhi na matendo ya mchana, aone yanapolingana na yanapoachana.

Ya nne ni muaqaba, yaani kuitia nafsi adabu inapokuwa imevunja sharti. Adabu hiyo iwe ya kiasi na ya halali: aliyelala ikampita sala aongeze sala za sunna, aliyesengenya atoe sadaka. Haifai mtu kuudhuru mwili wake.

Ya tano ni mujahada, yaani kujitahidi. Nafsi iliyozoea uvivu haiachi kwa kuambiwa mara moja. Huongezewa kazi kidogo kidogo, kama vile mtu anyooshavyo fimbo mbichi motoni.

Ya sita ni muataba, yaani kuikemea nafsi na kuikumbusha ujinga wake, isipate kujiona kuwa imekwisha kuwa njema.

Tazama kwamba kuhesabu ni hatua ya tatu tu. Wako watu wengi wanaojiona wacha Mungu kwa sababu usiku hukumbuka makosa yao na kusikitika. Mwenye duka anayesoma madeni kila usiku, akasikitika, akalifunga daftari na kulala, duka lake litakufa sawasawa na la yule asiyesoma kabisa.

GHAZALI ALIPOJIHESABU MWENYEWE

Mwalimu huyu hakuandika mambo ya kusikia tu. Mwaka 1091, akiwa na umri wa miaka 33, aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu katika chuo cha Nizamiyya huko Baghdad, chuo kilichosifiwa sana siku zile. Wanafunzi walimjia kwa mamia, na wakubwa wa dola walimheshimu. Hata mwaka 1095 akaiuliza nafsi yake swali moja: Wafundisha kwa ajili ya nani? Alieleza baadaye, katika kitabu alichoandika juu ya maisha yake, kwamba alipoichunguza nia yake aliona kinachomsukuma ni kutafuta cheo na sifa.

Kwa muda wa karibu miezi sita alivutwa huku na huku. Siku moja aliazimu kuondoka, siku ya pili akaahirisha. Mwisho ulimi wake ukafungwa. Akiingia darasani hakuweza kutamka neno. Waganga wakashindwa. Ndipo alipowagawia watu mali yake, akabakiza ya kuwatosha watoto wake, akaondoka kwenda Sham, na Yerusalemu, na Hija. Yapata miaka kumi na moja ilipita kabla hajarudi kufundisha, huko Nishapur, mwaka 1106.

Hapa kuna fundisho kwetu waalimu, na kwa wanafunzi wanaoshindana kupata nafasi ya kwanza. Kazi yaweza kuwa njema kabisa machoni pa watu, na hata hivyo ikawa na hesabu mbaya ndani. Mkaguzi wa shule aweza kuona andalio la somo. Hawezi kuiona nia.

MSHAIRI WA PATE

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya Baghdad peke yake. Yamo pia katika Kiswahili, tena katika moja ya tungo zake kubwa kuliko zote.

Katika visiwa vya Lamu, pwani ya Kenya, upo mji wa Pate. Zamani ulikuwa mji wenye nguvu, wenye majumba ya mawe, hariri na vyombo vya China. Vita na fitina za wenyewe kwa wenyewe ziliudhoofisha. Katika vita vya Shela, karibu na mwaka 1812, watu wa Pate pamoja na wa Mombasa walishindwa na watu wa Lamu, na ukubwa wa Pate haukurudi tena. Katika miaka hiyo ya kuanguka aliishi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, utungo wa beti sabini na zaidi. Utungo huo ulipigwa chapa London mwaka 1939 na Mwingereza William Hichens, naye aliuita kuamka kwa roho.

Mtunzi huyu aliyaona magofu. Aliona vyumba vilivyokuwa vya wenye mali vikikaliwa na popo, na vidaka vya ukutani, vilivyokuwa vya kupambia vyombo vya thamani, vikiwa viota vya ndege. Mtu mwingine angeyaona hayo akaandika juu ya dhambi za matajiri, au juu ya ubaya wa adui. Sayyid Abdalla aliugeukia moyo wake mwenyewe. Ndio anaousemesha: anauuliza kwa nini hauamki, umedanganywa na nini, na kama hauoni kwamba walioishi katika nyumba hizo walikuwa na nguvu kuliko wewe, na sasa wamo kaburini. Mji mzima uliobomoka ameufanya kuwa ukurasa mmoja wa daftari lake.

Kujifunza namna hiyo ya kutazama ni kazi ngumu. Jambo baya likitokea kijijini, macho yetu hukimbilia kwa mwenye kosa. Nyani haoni kundule, walisema wazee. Mwenye muhasaba huuliza kwanza: Mimi ninalo fungu gani katika jambo hili?

HESABU AMBAYO HAIKUANDIKWA

Sasa turudi katika njia ya misafara iliyopita hapa kwetu, maana ina fundisho lingine, nalo ni chungu.

Wenye misafara wengi walikuwa Waislamu, nao walijua hesabu vizuri. Waliandika pembe ngapi, nguo mikono mingapi, hongo kiasi gani. Wengi wao walisali sala tano njiani. Lakini misafara mingi ya bara ilichukua pia watu, na watu hao waliandikwa katika daftari pamoja na pembe. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922 tu.

Wafanya biashara hao hawakukosa mafundisho. Katika Sura ya Balad, kumwacha huru mtumwa kumetajwa mwanzoni mwa mambo yanayompandisha mtu mlima mgumu wa wema. Na katika Sura ya Maida, aya ya 89, ni mojawapo ya kafara za kuvunja kiapo. Yalisomwa hayo, na hata hivyo wengi hawakufungua daftari la nafsi mahali hapo. Desturi ilikuwa imelifunga. Jambo linalofanywa na watu wote halionekani tena kuwa kosa, na hilo ndilo jambo la hatari kwa mwenye kujihesabu.

Katika watoto waliochukuliwa kutoka mashariki ya Kongo katika nyakati hizo alikuwamo mmoja aliyefikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Alisoma, akawa mwanachuoni, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria mjini humo. Ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Watu waliozaliwa huru walimwendea wakakaa miguuni pake wajifunze dini. Mtu aliyeandikwa katika hesabu ya mwingine kama mali akawa mwalimu wao.

Basi kila mmoja wetu ajiulize: Katika daftari langu ni nani ambaye simwandiki? Ni mtoto wa kazi aliye nyumbani? Ni mwenzetu mlemavu tunayemwita kwa jina la ulemavu wake? Ni mzazi auzaye ndizi juani ili sisi tupate sare?

DAWA YA DENI NI KULIPA

Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwauliza masahaba wake, muflisi ni nani. Wakajibu kuwa ni mtu asiye na fedha wala mali. Akawaeleza kwamba muflisi wa kweli katika umati wake ni yule atakayekuja siku ya Kiyama na sala na saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akamsingizia huyu, akala mali ya huyu, akampiga huyu. Watapewa hao katika thawabu zake mpaka ziishe. Na zikiisha kabla deni halijaisha, atatwikwa dhambi zao.

Kwa sababu hiyo wanavyuoni wamesema kwamba toba ina masharti matatu: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimu kutolirudia. Na kosa likiwa linahusu haki ya mwanadamu, huongezwa sharti la nne, kumrudishia mwenye haki haki yake au kumtaka radhi. Wengi wetu tunayapenda yale matatu, maana hufanyika kimya kimya chumbani. La nne hutaka miguu.

Hapa naomba ruhusa kusimulia kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwalimu kijana, katika shule moja mbali na hapa, nilikabidhiwa bahasha ya fedha za michango ya mpira. Bahasha ikapotea. Alikuwako mwanafunzi aliyekuwa akifagia ofisi, nami nikamshika yeye. Alikataa, nikamwita mwizi mbele ya mstari wa asubuhi. Alifyeka nyasi wiki mbili. Baba yake aliitwa, akauza mbuzi, akalipa.

Miezi mingi baadaye nilifungua kitabu kikubwa cha ramani, na bahasha ilikuwamo ndani yake. Mwanafunzi yule alikuwa amekwisha kumaliza shule. Nilizitia fedha zile katika mfuko wa michezo, nikanyamaza. Niliiambia nafsi yangu kwamba kijana amesahau, na kwamba heshima ya mwalimu ikishuka shule nzima huharibika. Kila mwezi wa Ramadhani nililikumbuka jambo hilo, nikaomba maghufira, nikaona nimefanya muhasaba.

Mwaka mmoja nilikuwa nafundisha Hadithi hii ya muflisi, mtoto wa mbele akauliza, "Mwalimu, na kama mwenye haki yuko mbali?" Nikamjibu kama ilivyo vitabuni, kwamba atafutwe. Usiku ule sikulala.

Nilimkuta sokoni akitengeneza baiskeli. Nilimweleza yote. Aliendelea kukaza nati kwa muda, kisha akasema, "Mimi nilikusamehe zamani, mwalimu. Lakini baba alikufa anajua mimi ni mwizi. Mama yu hai. Kamwambie yeye."

Nikaenda. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," nikamweleza, nikampa bei ya mbuzi kwa kadiri ya siku hizi. Mama yule akazipokea fedha, akazifunga katika pindo la kanga, akasema, "Ahsante, mwanangu. Hili la mbuzi limekwisha. Lakini uliyasema mbele ya watu, na watu walileta habari mpaka hapa. Basi na haya yaseme mbele ya watu." Akamtuma mtoto kuwaita majirani. Nilisimama uani pake nikasema kwamba mwanawe hakuiba, na kwamba mimi ndiye niliyekosa.

Deni la baba yake sijui kulilipa. Kila nikimwombea dua namwombea kama mtu anayenidai. Kama ningalikwenda siku ile ile nilipoiona bahasha, ningalimkuta hai. Haya ndiyo niliyotaka vijana wetu wayajue: deni la nafsi likicheleweshwa huzaa kama deni la dukani, na mwisho wake hufika mahali ambapo huna tena mtu wa kumlipa.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kwanza, muhasaba isigeuke kuwa wasiwasi. Mtu asiyelala kwa hofu ya dhambi ndogo ndogo, anayetawadha mara kumi kwa shaka, huyo anahitaji kufundishwa na kutulizwa. Mwenye duka mwema huhesabu mara moja kwa siku, kisha hulala afanye kazi kesho.

Pili, usitangaze aibu zako. Kosa lililo kati yako na Mungu peke yenu, na Mungu amelisitiri, lisitiri nawe. Linalotakiwa kufikishwa kwa mtu ni lile lililomdhuru mtu huyo.

Tatu, usimfanyie mwenzako hesabu ambayo ni yake. Ni rahisi kuyajua madeni ya darasa zima na kutojua lako hata moja.

Nne, andika na faida pia. Daftari lisilo na mapato si la haki. Ukimsaidia mwenzako somo la hesabu, mshukuru Mungu kwa kukuwezesha, ukaendelee kesho.

NAMNA YA KUANZA

Usianze kwa mambo makubwa. Kwa juma moja tu, kila usiku kabla ya kulala, jiulize maswali matatu: Leo nilimdhulumu nani? Nilifanya jambo gani jema kwa sababu ya kuonekana tu? Na kesho asubuhi nitamwendea nani? Kama hakuna wa kumwendea, shukuru ulale. Kama yupo, amka umwendee kabla kengele haijalia. Mwanafunzi aliyenakili majibu ya jirani amwambie mwalimu. Mwalimu aliyesahihisha kwa haraka akampunguzia mtu alama azirudishe mbele ya darasa lile lile. Mzazi aliyempiga mtoto kwa hasira ya mambo mengine amwambie, "Mwanangu, nilikukosea." Mtoto hatamdharau kwa neno hilo.

MASWALI YA ZOEZI

1. Taja hatua sita za Imamu Ghazali, na kwa kila moja toa mfano wako mwenyewe wa maisha ya shule.
2. Kwa nini Ghazali aliacha kufundisha Baghdad mwaka 1095? Je, wadhani ilimlazimu kuondoka, au angeweza kuisahihisha nia yake akiwa pale pale?
3. Sayyid Abdalla alitazama magofu ya Pate akausemesha moyo wake. Chagua jengo au mahali palipoachwa karibu na kwenu, uandike ukurasa mmoja kwa namna hiyo.
4. Eleza tofauti kati ya kosa linalohusu haki ya Mungu na kosa linalohusu haki ya mwanadamu katika masharti ya toba.
5. Swali hili usilijibu katika daftari la shule, wala usimwonyeshe mwalimu: Ni nani anakudai, na utakwenda lini?